Chupa ya Shingo ya Bata

Chupa niliyoosha mimi unaweza kunywea chai bila kuuliza jana ilikuwa na nini. Siringi, nasema tu ilivyo. Kuna waliojaliwa sauti, kuna waliojaliwa miguu ya mpira, mimi nimejaliwa mikono ya kuosha vyombo vya maabara, na wala sikwenda chuo kikuu kujifunza. Nilimaliza sekondari, nikakaa nyumbani miezi minane nikimmalizia mama sukari, mpaka siku dada yangu mkubwa aliponishika mkono akasema, "Twende ukaniharibie kazi huko huko, angalau niwe nakuona." Alikuwa anatania. Wakati ule alikuwa bado anatania.

Dada ni mtafiti. Kazi yake ukiieleza haraka haraka inasikika kama uongo. Anachukua hewa ukaa, ile ile tunayoitoa puani na inayotoka nyuma ya malori, anaichanganya na haidrojeni, anaipitisha kwenye bomba la chuma lenye unga mweusi aliouoka mwenyewe, na upande wa pili inatoka methanoli, spiriti ambayo viwanda vinaitumia kutengenezea gundi, rangi na plastiki. Huo unga ndio kichocheo. Hauliwi wala haupungui. Kazi yake ni kuzikutanisha zile hewa mbili mpaka zipatane, kisha unabaki palepale kama mshenga aliyemaliza shughuli yake.

Shida ya vichocheo ni kwamba vinachoka. Leo vinachapa kazi, kesho vimelala. Katika miaka minne Dada alikuwa ameoka unga wa aina arobaini na moja, na zile arobaini za kwanza hakuna iliyovuka siku tatu. Huu wa arobaini na moja, wenye shaba na zinki na kitu cha tatu ambacho amenikataza kukitaja, ulionekana una roho ngumu. Na jopo la wakubwa wa chuo lilimpa sharti moja tu: majaribio kumi, jaribio moja kwa siku, na majibu yafanane. Hawakusema yawe makubwa. Yafanane. Yakifanana, anaachiwa chumba na mtambo mwaka mwingine. Yasipofanana, chumba wanapewa watu wa mbolea, ambao walikuwa wameshaanza kuja kupima madirisha yetu na futi kamba huku wakitusalimia kwa huruma.

"Sitaki maajabu," Dada aliniambia Jumatatu ya kwanza, akifunga vifungo vya koti lake jeupe. "Nataka namba moja mara kumi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nimesema nini?"

"Hutaki maajabu."

"Na nini?"

"Namba moja mara kumi. Dada, mimi si mtoto."

Akanikata jicho, akafungua mtungi wa gesi.

Sasa nikuonyeshe chumba, usije ukapotea. Katikati ulisimama mtambo: mitungi miwili, bomba la chuma ndani ya jiko la umeme, na mwishoni chupa moja ya kioo iliyotumbukizwa kwenye ndoo ya barafu. Hewa ikitoka kwenye bomba inapita ndani ya hiyo chupa, methanoli inapata baridi na kubaki kwenye maji kidogo ambayo Dada anayapima na kuyatia humo kila asubuhi, hewa nyingine inakwenda zake. Chupa ilikuwa na shingo ndefu iliyojipinda kama ya bata anayejikuna mgongo. Zilikuwepo mbili, lakini ya pili ilivunjika kwa sababu ambazo hazihusiani na hadithi hii.

Pembeni ilikaa mashine ya kupimia, tuliyoipa jina la Mbea, kwa kuwa ukimpa tone moja la maji ya kwenye chupa anakutajia kila kilichomo na ni kiasi gani. Ili Mbea aijue methanoli akikutana nayo, kabati la juu lilikuwa na chupa ya methanoli safi kabisa, ya kumfundishia. Chupa hiyo Dada aliibandika karatasi: YA MBEA TU.

Na ukuta wa kushoto ulikuwa wa kioo. Upande wa pili wake alifanya kazi Mzee wa Vioo, fundi anayetengeneza vyombo vyetu kwa kuyeyusha kioo kwenye moto na kukipuliza. Ndiye aliyemzaa yule bata. Kutwa nzima alikuwa na mrija mdomoni na miwani nyeusi machoni, nyeusi kama ya walinzi wa mkubwa fulani, kwa sababu ya moto ule. Maneno yake kwa siku yalikuwa "Marahaba" asubuhi na "Haya" jioni. Nilikuwa nimeshamweka kwenye fungu moja na samani.

Utaratibu wa kuosha chupa ya bata nilikuwa naujua kuliko jina la ukoo wangu. Sabuni. Maji ya bomba mara tatu. Maji ya betri mara tatu, maana yale hayana chumvi. Kisha ndani ya oveni saa nzima ikauke kabisa, nusu saa ipoe, ndipo unaiziba kizibo ikisubiri jaribio la kesho. Jaribio lilikuwa linaisha saa nane mchana, Dada na Mbea wanamalizana na chupa karibu saa tisa, kwa hiyo chupa inakuwa tayari saa kumi na nusu.

Kasoro moja ndogo: timu yetu ya mtaa inafanya mazoezi Jumatatu na Alhamisi, saa kumi kamili, na kocha ukichelewa anakupanga golikipa.

Basi Jumatatu hiyo ya kwanza, Dada akiwa amekwenda mkutanoni, nikatumia akili. Methanoli inakauka upesi kuliko maji, hiyo hata kidato cha pili wanajua. Nikachukua ile chupa ya kabati la juu, nikamwaga kidogo ndani ya bata, nikatikisa mara mbili, nikaimwaga, nikapuliza kwa mdomo fuu, fuu, mpaka kioo kikang'aa, nikaziba kizibo. Dakika tatu. Wengine wanapewa shahada kwa kugundua vitu vidogo kuliko hicho. Wakati naziba, nikasikia kioo cha ukutani kinagongwa. Mzee wa Vioo alikuwa amesimama na mrija wake, ananitazama, au anatazama upande wangu, kwa ile miwani huwezi kujua. Nikampungia mkono kwa adabu, nikachukua viatu vyangu, nikaondoka. Siku ile nilifunga mabao mawili.

Jaribio la Jumatatu lilikuwa limetoa miligramu kumi na nne. Jumanne, Mbea akasema ishirini na tatu.

Dada aliitazama karatasi. Kisha akacheka peke yake, kicheko kifupi cha mtu aliyepewa chenji nyingi kuliko inavyostahili. "Umeamka," aliuambia unga. "Kumbe ulikuwa umelala."

"Si nilikwambia," nikasema, ingawa sikuwa nimemwambia kitu.

Jumatano, kumi na nne. Alhamisi, kumi na nne. Ijumaa, ishirini na mbili.

Dada hakucheka tena. Jumatatu ya pili, kumi na nne. Jumanne, ishirini na nne. Aliandika namba zote kwenye ubao mweupe, akasogea nyuma, akasogea mbele, akafuta, akaziandika upya kwa kalamu nyekundu kana kwamba rangi ingezitia adabu.

"Jumanne na Ijumaa," alisema. "Kila Jumanne na kila Ijumaa inaruka. Kwa nini?"

"Labda unga unajua siku."

"Usinitanie. Sina mahali pa kuuweka utani leo."

Akaanza msako. Aliwapigia simu watu wa mitungi akawauliza kama Jumanne wanajaza gesi kwa namna nyingine. Wakamuuliza kama anajisikia vizuri. Alimpigia fundi wa umeme, akaja na kifaa chake, akakiweka kwenye soketi, akaondoka na kusema umeme ni umeme. Akaacha kujipulizia manukato. Akanikataza mimi kupaka mafuta ya nywele. Profesa wake, mzee mmoja mpole aliyebandikwa jina la Profesa Rudia kwa kuwa hajawahi kumpa mtu ushauri mwingine, alipofika mlangoni akiwa amejipaka dawa yake ya kikohozi kifuani, Dada akamzuia kwa mkono.

"Profesa, shikamoo, naomba usiingie. Unanukia."

"Marahaba. Namba zinasemaje?"

"Zinanicheza shere."

"Rudia," alisema Profesa, akaenda zake.

Dada akaegemea fremu ya mlango, akafumba macho. "Nirudie," alisema taratibu. "Nimerudia siku saba. Nikirudia tena nitakuwa ninazunguka kama tiara." Kisha akanigeukia. "Wewe. Jumanne na Ijumaa unafanya nini ambacho siku nyingine hufanyi?"

Nikafikiri kwa uaminifu kabisa. Jumanne na Ijumaa nilikuwa nafika mapema, nafagia, naleta barafu, naosha chupa kwa utaratibu wote mpaka saa kumi na nusu. Hakuna siku nilikuwa mtu mwema kuliko Jumanne na Ijumaa.

"Sifanyi kitu," nikasema.

"Hilo nalijua. Nauliza siku hizo mbili."

Ukiniambia kwamba mtu mwenye akili zake angeshajumlisha moja na moja, nakubali. Lakini mimi chupa ilikuwa imetoka akilini mara tu kizibo kilipokaa. Nilikuwa nawaza nafasi yangu ya winga wa kulia. Tena nilimsaidia Dada kwa dhati: nilimpa nadharia ya mvua, nadharia ya joto la mapaa ya bati, na nadharia kwamba watu wa mbolea wanaingia na kutuchezea mtambo. Hii ya mwisho alikaribia kuiamini. Siku mbili alibandika uzi mwembamba mlangoni kabla ya kufunga, na kila asubuhi aliukuta palepale, na kila asubuhi alikasirika zaidi, kwa sababu hata adui hakumpata.

Jumatano ilitoa kumi na nne. Alhamisi, kumi na nne. Yalikuwa majaribio tisa sasa, limebaki moja, na jopo linakaa Jumatatu saa tatu asubuhi.

Alhamisi hiyo Profesa Rudia alirudi, safari hii bila dawa ya kikohozi, akasimama mbele ya ubao mweupe, akakuna kidevu. Nilijua anachokwenda kusema, nikawa tayari nimeshakitengeneza mdomoni ili niseme pamoja naye.

"Toa unga," alisema.

Wote wawili tukamtazama.

"Kesho endesha mtambo bomba likiwa tupu. Gesi zile zile, joto lile lile, chupa ile ile. Bila kichocheo haipaswi kutoka kitu. Ikitoka, basi kuna mahali mnadanganywa." Akafika mlangoni, akageuka. "Halafu rudia."

Alhamisi, kama unavyokumbuka, ni siku ya mazoezi. Tena wiki hiyo tulikuwa na mechi Jumamosi. Sabuni, maji, maji ya betri, kabati la juu, tikisa mara mbili, fuu, kizibo. Nikatoka mbio.

Ijumaa mtambo ulinguruma bila kitu ndani yake kuanzia saa mbili asubuhi. Dada alikaa kwenye kiti kirefu, mikono kifuani, hakunywa hata maji. Saa nane akachukua tone kutoka kwenye chupa, akampa Mbea. Kalamu ya Mbea ikatembea sawasawa juu ya karatasi, ikatembea, ikatembea, kisha ilipofika pale panapokaa methanoli ikanyanyuka, ikachora mlima mdogo mzuri wenye ncha, ikashuka.

Miligramu tisa. Kutoka kwenye bomba tupu.

Ndipo masikio yangu yakapata moto. Sijui kama umewahi kuona jambo lako mwenyewe linakujia kutoka mbali kama mtu unayemfahamu barabarani, kwanza mwendo, halafu shati, halafu sura. Niliona kabati la juu. Niliona kizibo. Nilihesabu: Jumatatu naosha, Jumanne inaruka. Alhamisi naosha, Ijumaa inaruka. Spiriti niliyoiacha ndani ya chupa na kuizibia ilale humo ndiyo iliyokuwa inaamka asubuhi na kuhesabiwa kama kazi ya unga.

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nilifungua mdomo kabisa.

"Mbea amezeeka," nikasema.

Dada aliitazama mashine. "Unadhani?"

"Angalia, anaona methanoli pasipo na methanoli. Ni uzee huo, dada. Bibi yetu naye alianza hivyo hivyo, akawa anaona wageni sebuleni."

Sitajitetea. Nilifikiri atasema basi, mashine ni mbovu, tumalize jaribio la kumi kwa chupa nitakayoiosha kiungwana, na mimi nitakufa na siri yangu. Sikufikiri kwamba Dada akiamini jambo, analifanya.

"Sawa," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyeishiwa hasira. "Kama Mbea anadanganya, hakuna namba hata moja hapo ubaoni yenye maana. Siwezi kusimama mbele ya jopo na namba za mashine inayoota. Lazima nimfungue."

"Kumfungua ni muda gani?"

"Kumfungua, kumsafisha, kumfunga, kumfundisha upya. Siku nane, tisa."

"Na Jumatatu?"

"Nampigia mwenyekiti sasa hivi kwamba tumejitoa." Alitoa simu, akaiweka mezani. "Watu wa mbolea waje na futi yao. Miaka minne. Unga arobaini na moja. Nimeshindwa na mashine ya kupimia." Akaangalia dari kidogo. "Lete spana, ndogo ile."

Nikaleta. Naandika hivi nikiwa na aibu, lakini nilileta spana, tena nikachagua inayotosha vizuri.

Dada alipiga magoti mbele ya Mbea, akashika nati ya kwanza, kisha akasita. "Subiri kidogo. Kabla sijamgusa. Chupa je?"

"Chupa gani?"

"Ya bata. Tuna chupa moja tu. Inaoshwaje?"

"Sabuni, maji mara tatu, maji ya betri mara tatu, oveni saa nzima, nusu saa ipoe."

"Kila siku?"

"Dada, chupa niliyoosha mimi unaweza kunywea chai."

Alinitazama, akaona uso wa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, akatikisa kichwa na kugeukia nati. Spana iliuma. Nati ikalia kidogo.

Kioo cha ukutani kikagongwa. Mara tatu, kwa nguvu. Sikugeuka. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee wa Vioo na mrija wake mkononi, na mara ya kwanza tangu nianze kazi pale niligundua kwamba ana sauti nene.

"Binti, hiyo mashine unaifungua ya nini?"

"Imeharibika, mzee."

"Nani kasema?"

Dada alinielekezea kidole bila kugeuka. Mzee akanielekea mimi na ile miwani yake nyeusi.

"Kijana huwa anaipuliza ile chupa," alisema.

Dada akaweka spana chini. "Anaifanya nini?"

"Anaipuliza kwa mdomo. Siku zile anazokuja na viatu vya mpira. Anatia spiriti ya kabati la juu, anatikisa mara mbili, anaimwaga, anapuliza, anaziba. Siku ya kwanza nilimgongea kioo. Akanipungia mkono." Alionyesha jinsi nilivyopunga, vidole vyote vitano. "Nikasema labda ndio utaratibu wenu, mimi nijue nini. Lakini leo nimeona spana." Kisha akaongeza, na hapa sauti yake ilipata uchungu wa kweli, "Na ile wala siyo kupuliza. Nimepuliza vioo miaka thelathini na mbili. Yule anatema mate."

"Mzee," nikasema, "samahani, lakini kwa miwani hiyo unaweza kuona nini?"

Akaivua. Alikuwa na macho madogo, makavu, yenye afya nzuri sana. "Hii inakata mwanga wa moto," alisema. "Haikati watu."

Dada alikuwa ameshasimama mbele ya ubao. Aliandika tisa pembeni. Akatoa tisa kwenye ishirini na tatu. Akatoa tisa kwenye ishirini na mbili. Akatoa tisa kwenye ishirini na nne. Kumi na nne. Kumi na tatu. Kumi na tano. Akazipanga pamoja na zile nyingine sita, zote kumi na nne. Zilikuwa zimefanana. Unga wa arobaini na moja ulikuwa haujachoka hata siku moja. Mchovu alikuwa mwingine.

"Kesho Jumamosi tunafanya la kumi," alisema akiutazama ubao. "Chupa naiosha mimi. Na Jumatatu saa tatu unaingia na mimi kwa jopo, unawaeleza hizi Jumanne na Ijumaa kwa mdomo wako. Huo huo unaopulizia."

"Kesho nina mechi."

Alichukua simu mezani akairudisha mfukoni.

"Dada, inawezekana imetokea tu," nikasema. Sijui kwa nini. Ulimi ulikuwa umeshazoea. "Mzee ameona mara moja, mbili. Mimi siku zote nafuata utaratibu. Ile chupa ni safi, hata sasa hivi."

"Jana uliiosha ukaiziba?"

"Niliiosha vizuri kabisa."

"Na leo bomba lilikuwa tupu, kwa hiyo ndani hakuna kitu zaidi ya maji niliyoyatia asubuhi."

"Hakuna."

Dada aliitoa chupa ya bata kwenye ndoo, akaifuta nje kwa ncha ya koti lake, maji kidogo yakicheza ndani ya tumbo la bata. Akaiweka mikononi mwangu. Ilikuwa ya baridi.

"Mzee," alisema, "ile chupa yako ya chai ina kitu?"

"Imebaki nusu."

"Naomba umimine humu. Mdogo wangu ana kiu."

Mzee wa Vioo alikwenda, akarudi na chupa yake ya chai, akafungua kifuniko. Mvuke ukapanda. Alimimina kwa mkono usiotetemeka, bila kumwaga tone nje ya ile shingo aliyoipinda mwenyewe. Wote wawili wakanisubiri. Nikainua bata mpaka karibu na mdomo, nikamwona Dada amekunja mikono, nikamwona Mzee na macho yake madogo yasiyo na miwani.

"Siwezi kunywa hii," nikasema.

"Kwa nini?" Dada aliuliza.

"Ina methanoli."

Mzee wa Vioo akarudisha kifuniko, akakikaza, akavaa miwani yake.

"Haya," alisema, akarudi kwenye moto wake.